Tandahimba wanauliza: mchezo wetu uwanjani unachekesha, redioni kwa nini hawaelewi?

Swali lenyewe limekuja refu, nimelikata kidogo: "Shikamoo. Sisi ni kikundi cha ngoma na maigizo huku Tandahimba, Mtwara, tuko tisa. Redio ya kijamii imetupa dakika 15 kila Jumamosi usiku tuweke mchezo. Tunarusha ileile michezo tunayocheza viwanjani, na uwanjani watu wanacheka mpaka basi, ila redioni wasikilizaji wanapiga simu wanasema hawajui nani anaongea na nani, wengine wanasema kelele tupu. Tumeanza kuchanga tununue maiki nzuri, tununue ipi? Halafu kuna shirika linataka kutudhamini ila ujumbe wao usikike kila epizodi, tukubali? Na Kimakonde tunaruhusiwa kutumia?"

Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela ya maiki iacheni kwanza kwenye kibubu, maana tatizo lenu halipo kwenye maiki, lipo kwenye skripti, na hata ukinunua maiki ya milioni mbili itachofanya ni kurusha ule mkanganyiko ukiwa safi zaidi.

Angalia mnachofanya uwanjani. Jamaa anaingia na koti la baba yake, limemvuka magoti, hajasema neno watu washacheka. Mwingine anamnyooshea kidole mwenzie, mama mkwe anabinua mdomo, mtoto anajificha nyuma ya gunia. Hayo yote ni macho. Sasa mkiyapeleka redioni kinachobaki ni watu tisa wanapiga kelele kwa wakati mmoja na kicheko cha watazamaji ambacho msikilizaji hajui kimetokea wapi. Yule anayepiga simu kulalamika hana ubaya, yuko jikoni anakatakata mboga, redio iko dirishani au simu iko mfukoni, anasikiliza kwa sikio moja, na nyie mmempa kazi ya kubashiri.

Wengi wakishaambiwa hivyo wanakimbilia kosa la pili, wanaanza kusimulia kila kitu mdomoni. Nimekutana na skripti za hivi nyingi, mstari wa kwanza unakuwa hivi (kangomba, kwa asiyejua, ni ununuzi wa korosho kwa magendo, zinapimwa kwa kopo):

SALUMU: Mama tazama, yule mnunuzi wa kangomba anakuja na kopo mkononi, amevaa shati jekundu, na korosho zetu ziko pale chini ya mwembe!

Hakuna mtu anaongea hivyo duniani. Mama yupo palepale, anaona, anaambiwa ya nini? Msikilizaji anagundua saa hiyohiyo kwamba Salumu haongei na mama yake, anaongea na yeye, na mchezo umeshakufa.

Sasa chukueni tukio hilohilo la kangomba, ambalo huko kwenu halihitaji maelezo, kila mtu anamjua mama aliyeuza korosho kwa kopo usiku kabla mnada haujafunguliwa kwa sababu ya ada au ugonjwa. Liandikeni hivi:

(Usiku. Nyenje. Mlango wa mabati unagongwa mara mbili, taratibu.)
MNUNUZI: (kwa sauti ya chini) Hodi wenyewe.
SOMOE: Karibu. Taa nimezima, hawa jirani zangu hawalali.
MNUNUZI: Umefanya la maana Bi Somoe. Ziko wapi?
(Gunia linaburutwa sakafuni. Korosho zinamwagwa kwenye kopo. Kopo linagongwa chini: tu, tu, tu. Zinamwagwa tena.)
SOMOE: Mbona unaligonga?
MNUNUZI: Zikae vizuri.
(Tu, tu. Zinamwagwa tena.)
MNUNUZI: Moja.
SOMOE: Moja hiyo? Si ishafika moja na nusu!
MNUNUZI: Mtoto anatakiwa shule lini?
(Nyenje peke yake.)
SOMOE: Jumatatu.
MNUNUZI: Haya. (Korosho zinamwagwa.) Mbili.

Nimeweka giza makusudi. Aliye ndani ya mchezo akiwa haoni, msikilizaji naye haoni, wako sawa, na hakuna haja ya mtu kueleza shati lina rangi gani. Hii janja ni ya zamani sana, BBC waliporusha mchezo ulioandikwa mahsusi kwa ajili ya redio, Januari 1924, mwandishi wao aliwaweka watu ndani ya mgodi wa makaa ya mawe taa zikiwa zimezimika. Miaka mia imepita na bado inafanya kazi, ila msije mkaweka giza kila Jumamosi watu wakadhani Tandahimba nzima hakuna umeme.

Halafu angalia lile kopo. Wizi wote uko kwenye ile tu-tu-tu. Hakuna mtu amesema "wakulima wanapunjwa", hakuna hata aliyetaja bei, lakini mkulima yeyote kuanzia Newala mpaka Liwale akisikia kopo linagongwa ili zishuke ziingie nyingine anajua kabisa kinachoendelea, na atamtukana huyo mnunuzi kwa sauti akiwa kitandani kwake. Hapo ndo mmempata. Kila sini, yaani kila kipande cha mchezo, tafuteni sauti moja kama hiyo, inayobeba jambo lenyewe, zile nyingine zikiwa kidogo tu za kuonyesha mahali. Mkijaza sauti kumi, kuku, mbuzi, bodaboda, mtwangio, mtoto analia, ndo inakuwa hiyo "kelele tupu" mnayoambiwa.

Na hizo sauti rekodini wenyewe. Najua intaneti imejaa sauti za bure ila ukisikiliza vizuri ndege wake sio wa huku, mvua yake inanyesha kwenye vioo sio kwenye bati wala makuti, na king'ora chake cha polisi ni cha Marekani. Mtu wa Mtwara anaijua sauti ya mnada, anaijua mashine ya kupulizia mikorosho salfa alfajiri, anajua pantoni ya Msangamkuu inavyounguruma ikikaribia. Mpeni mmoja kazi hiyo, atembee na simu, arekodi kila sauti kwa dakika mbili bila kuongea, aandike jina la faili vizuri. Kwa miezi mitatu mtakuwa na akiba kubwa. Vingine mnatengeneza chumbani: majani makavu ya mkorosho kwenye beseni unayakanyaga kwa mikono, umeshapata mtu anatembea shambani, mchele unaumwaga taratibu kwenye ungo, mvua hiyo, mawimbi ni beseni la maji na mkono wa mtu mwenye subira.

Nirudi kwenye "nani anaongea". Hapa lugha yetu imetubeba sana na waandishi wengi hawatumii hiyo bahati. Mtu akisema "shikamoo mjomba" umeshajua mawili matatu: anayeongea ni mdogo, anayeongeleshwa ni mkubwa, ni ndugu wa upande wa mama, na kuna heshima au angalau inajifanya ipo. "Shemeji umelala?" saa nne usiku, hiyo nayo ni habari nzima. Kwa hiyo salamu msiziruke mkidhani zinapoteza muda, zitumieni kuwatambulisha watu, na mtu asipoitikia salamu msikilizaji ajue kuna ugomvi. Watu waitane: Bi Somoe, Baba Zuhura, mwenyekiti. Mtu mpya akiingia, ndani ya mstari wake wa kwanza au wa pili awe ameshaitwa kwa jina. Na huyo aliyepo ila haongei kwenye redio hayupo kabisa, ikifika nusu dakika mtu hajasema kitu wala hajakohoa, msikilizaji ameshamsahau, halafu akija kuongea baadaye ni kama jini limetokea ukutani.

Kwa hiyo sini moja isizidi watu watatu, wanne ikizidi sana. Najua mko tisa na kila mtu anataka jina lake litajwe mwishoni. Zungukeni kwa zamu, wengine wapige sauti za mazingira, mmoja awe direkta na huyo asicheze, akae upande wa pili amefumba macho avae hedifoni asikilize kama mtu wa jikoni. Akipotea yeye, na wasikilizaji watapotea. Majina nayo yatofautiane: ukiwa na Hamisi, Hamadi na Hamza kwenye mchezo mmoja umejitafutia mwenyewe. Sauti hivyohivyo, msiweke vijana wawili wa kiume wenye sauti inayofanana kwenye sini moja hata kama wote ni wacheza wazuri, mmoja mgeuze awe mzee au mhamishie sini nyingine.

Wazee msiwaache. Bibi mmoja wa kweli anayejua kununa anawazidi vijana watatu wanaoigiza ubibi kwa kukwaruza koo. Kama hasomi sio shida, skripti msimpe, mpeni jambo: "bibi, mjukuu wako ameuza korosho za shambani kwako bila kukwambia, umegundua leo, mwambie." Mtarekodi mara mbili tatu mtachukua iliyo bora, mara nyingi itakuwa nzuri kuliko hiyo mliyoandika.

Sasa maiki na kurekodi, hapa nitapita haraka. Anzeni na simu nzuri zaidi iliyopo kwenye kikundi, iweke mode ya ndege ili isipigwe katikati (simu ikipokea mtandao karibu na maiki inaingiza ule mlio wa ti-ti-tit, hautoki tena). Tafuteni chumba kidogo chenye nguo, magodoro, mapazia, sio ofisi ya kata yenye sakafu ya saruji na kuta tupu inayorudisha sauti. Bati juu ni adui msimu wa mvua, na jua kali nalo linalifanya lilie, kwa hiyo usiku umetulia ndo muda wenu, mkishapisha adhana. Mdomo ukae kama shibiri moja na nusu kutoka kwenye simu, kidogo pembeni sio usoni kabisa, maana P na B zinapiga upepo. Karatasi za skripti msizibane pini, kila moja iwe peke yake, ukimaliza unaiachia ishuke kwenye kanga iliyotandikwa chini. Na msipige kelele. Sauti ya uwanjani inatupwa mpaka kwa aliyekaa juu ya mwembe, redioni aliyekaa juu ya mwembe hayupo, msikilizaji yuko kwenye sikio lako. Anayewaza moyoni asogee karibu kabisa aongee kama ananong'ona, mazungumzo ya kawaida yawe hiyo shibiri na nusu, anayeita kutoka nje arudi nyuma hatua tatu na ageuze uso, na anayeondoka aondoke kweli huku anaongea. Umbali peke yake unachora nyumba nzima.

Kukata na kuunga tumieni programu ya Audacity, ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye laptopu ya zamani. Mkimaliza msisikilizie kwenye spika kubwa tu za studio, sikilizieni kwenye simu ndogo ya tochi yenye redio, kwa sababu ndiyo wengi wanayo. Vispika vile vidogo havitoi besi, ngoma nzito na radi mliyojivunia studio pale inakuwa kama mtu anagonga boksi, na ikiwa ndiyo ilibeba maana ya sini basi maana imepotea.

Jambo moja kuhusu ukimya. Pale kwenye "nyenje peke yake" sijaandika kimya kitupu. Ukiacha kimya kabisa redioni msikilizaji anadhani masafa yamekatika anaanza kuzungusha, na fundi wa zamu naye anashtuka. Acheni mazingira yaendelee chini, nyenje, bahari, pumzi ya mtu, sekunde mbili au tatu, zinatosha sana kwa mama kufikiria ada ya mtoto wake.

Haya, udhamini. Kukubali mnaweza, hela ya nauli na chai inahitajika, ila masharti yaongeeni kabla ya kusaini. Mwambieni huyo mdhamini ujumbe usikike kwenye maamuzi ya watu sio kwenye hotuba. Akibisha mpeni mfano wa nyumbani. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo wa uzazi wa mpango na UKIMWI, na kwa makusudi kabisa watu wa Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995 ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Tofauti ilionekana, kwenye matumizi ya uzazi wa mpango na kwenye tabia za kujikinga. Na aliyewashika watu hakuwa daktari anayetoa elimu, alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, watu walimchukia na wakamfuatilia palepale. Njia hiyo ilitokea kwenye tamthilia za televisheni Mexico, kwa Miguel Sabido: unakuwa na anayefanya vizuri, anayefanya vibaya, na wale wa katikati wanaoyumba, halafu hao wa katikati ndo unawapa muda, kwa sababu msikilizaji naye anayumba. Kwenye mchezo wenu huyo wa katikati ni Somoe. Mkimfanya mjinga mmempoteza, alifanya hesabu yake ya Jumatatu na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa usiku ule. Hata mnunuzi msimfanye shetani mwenye kicheko cha kutisha, mpeni naye mke anayedaiwa kodi, halafu muone simu zitakazopigwa, watu watabishana wenyewe kwa wenyewe na mdhamini wenu atapata alichokuwa anakitaka bila mtu kuhubiriwa.

Mdhamini akisema lazima mwishoni daktari au afisa aje aseme yale mambo, msigombane, muombeni hiyo iwe dakika tano baada ya mchezo, kipindi cha simu, prizenta na mtaalamu. Mchezo ubaki mchezo.

Tahadhari hii sasa, nyie mko kwenye mkoa wa korosho. Kwenye mchezo kamwe msitoe bei ya mnada kwa sauti ya mtangazaji wa habari, wala tangazo la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) linalofanana na la kweli, tarehe za malipo, pembejeo zimefika, mambo hayo. Kuna mtu atawasha redio katikati, hatajua ni maigizo, na kesho asubuhi atakuwa ghalani na gunia lake. Mkitaka mtangazaji ndani ya mchezo mpeni jina la redio ya kubuni na mumkatishe haraka kwa mtu anayebishana naye. Hivyohivyo, majina ya viongozi wa kweli na vijiji vyenye kesi iliyopo msiyaguse, tungeni kijiji chenu.

Kimakonde: kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine mpaka kwa kibali cha TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo mchezo mzima kwa Kimakonde msithubutu bila meneja wa redio kujua, redio yake ndo yenye leseni na yeye ndo ataitwa. Lafudhi yenu msiifiche lakini. Ongeeni Kiswahili cha Tandahimba kama mnavyokiongea, sio cha taarifa ya habari, hicho ndicho kinachomfanya mtu aseme hawa ni watu wetu. Wimbo wa Kimakonde au neno mojamoja kwenye mchezo, muulizeni meneja kwanza, mpelekeeni skripti siku mbili tatu kabla.

Na kwenye nyimbo, za jando na unyago zile za ndani msizipeleke hewani hata kama mmoja wenu anazijua zote na zina midundo mizuri kupita kiasi. Waendeeni makungwi na manyakanga, hao wanaosimamia mafunzo hayo, waambieni mnataka kuonyesha mwali anatoka, watawapa za kuimbwa hadharani na watawaambia zipi ni mwiko. Mkipita bila kuwauliza hamtagombana na redio, mtagombana na mama zenu. Muziki wa wasanii nao achaneni nao, una wenyewe kisheria, na kwa kikundi cha ngoma kuazima muziki ni aibu kidogo. Rekodini ngoma zenu wenyewe, sekunde 15 hivi za kufungulia, zilezile kila wiki, mpaka watoto wakizisikia waanze kuita waliopo nje.

Dakika 15 ukitoa ufunguzi na majina inabaki kama 12, sini tatu au nne, basi. Anzeni kila epizodi na mistari miwili mitatu kwa aliyekosa wiki iliyopita, bora itoke mdomoni kwa jirani mmbea kuliko kwa msimulizi. Malizeni pale ambapo jambo halijaisha. Hiyo ya Somoe mimi ningeikatia hapa: kopo la tatu linamwagwa, mlango unagongwa tena, na sauti ya mume wake ambaye tumeambiwa yuko Masasi mpaka Jumapili inasema hodi. Jaribuni hiyo Jumamosi hii kwa simu mliyonayo, halafu nitumieni faili, ila msinitumie kwa WhatsApp kama sauti maana inabanwa inaharibika, itumeni kama dokyumenti.